Meli Iliyoitwa Muiruri

Muiruri alizama siku ya Jumatano, kabla ya chai ya saa kumi, na Wariara aliyemzamisha alipiga makofi peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Si Muiruri mwenyewe, kwa bahati mbaya. Ilikuwa meli ya mizigo, nyeusi, nene, yenye bomba moja la moshi, katikati ya bahari baridi ambayo Wariara hakuwahi kuiona wala hakuwa na haja ya kuiona. Mchezo ule wa kompyuta haukumruhusu mtu kuzipa meli za adui majina, kwa hivyo yeye alizibatiza kwa mdomo. Kila alipoukuta msafara, alitafuta iliyonona kuliko zote, akaielekezea darubini na kusema, "Ndiye huyu." Nyingine aliziacha zipite. Hakuwa na ugomvi na watu wengine.

Mchezo aliachiwa na mwanawe Odongo alipokwenda Qatar kulinda milango ya matajiri. Alimwachia laptop yenye kibodi iliyong'oka herufi mbili, hedifoni iliyofungwa kwa selotepu, na nyambizi moja ya Wajerumani, ya vita vile vile vilivyompeleka babu yake Wariara Burma na kumrudisha na blanketi. Odongo alikuwa ameupandisha mchezo hadi kiwango kigumu kuliko vyote, na Wariara hakujua kwamba kuna kiwango rahisi. Alidhani ndivyo vita vilivyo. Ramani haikumwonyesha adui yuko wapi. Ilimbidi azame, azime injini, avae hedifoni na kusikiliza pangaboi za meli zikikata maji mbali huko, kisha apande taratibu, atoe darubini kidogo tu, apime mlingoti, akisie mwendo, na angoje. Saa nzima ingeweza kupita bila jambo lolote kutokea. Ukirusha kombora likakosa, umeshamwambia adui ulipo.

Mwanzoni alikuwa akicheza kwa sababu ya upweke. Baadaye alicheza kwa sababu ya Muiruri.

"Mama Odongo, leo umeua wangapi?" Owuor, mumewe, aliuliza akiingia. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na kila shati lake lilikuwa na vitundu vya cheche kifuani.

"Mmoja. Yule yule."

"Huyo shemeji yangu ana roho ya paka." Akavua viatu, akachungulia kioo. Juu ya maji palikuwa na mashua mbili ndogo za watu waliookoka. "Na hawa?"

"Hao niliwaacha."

"Wako katikati ya bahari, bila chakula."

"Si mimi niliwaambia wapande meli ya Muiruri," alisema Wariara, akafunika laptop na kwenda kupuliza jiko.

Chuki hii haikuwa ya mchezo. Muiruri alikuwa kaka yake wa tumbo moja, shemasi wa kanisa na dalali wa mashamba, na ndiye aliyewauzia ploti kando ya ziwa kule Naivasha. "Ziwa limeenda zake, halirudi," aliwaambia, akiwatembeza kwenye udongo mkavu uliopasuka. Wariara na Owuor wakatoa jasho la miaka yao yote, na jasho la Odongo la jangwani juu yake, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, mabati ya kijani. Mwezi ule ule, Muiruri aliiuza ploti yake mwenyewe iliyopakana na yao, akahamia mlimani. Hilo walilijua baadaye, maji yalipokuwa yamefika madirishani na kiboko akilala penye kibanda cha kuku. Walitoka kwa mtumbwi, wamekalia godoro. Walipomwendea, Muiruri aliwaambia kwamba maji ni ya Mungu, na kwa wazee wa ukoo alisema dada yake alikuwa na haraka ya kujenga kwa sababu ya majivuno. Sasa walikaa chumba kimoja cha kupanga Kaptembwo, Nakuru. Nyumba yao ilikuwa chini ya maji. Kama kuna mwanamke Nakuru nzima aliyestahili kupewa nyambizi, basi ni Wariara.

*

Jumamosi Muiruri alikuja mwenyewe. Aliacha gari mbali kwa sababu ya mtaro wa maji machafu, akaingia na pakiti mbili za unga, sukari, na kitambaa cha kitenge ndani ya karatasi ya duka. Kabla hajaketi, alikipangusa kiti kwa leso yake.

"Sasa Wariara. Aki, hapa panakaa poa kuliko vile nilikuwa nafikiria."

"Ulikuwa unafikiria aje?"

"Si unajua tu." Akacheka, akatazama dari. "Nimekuja na story mzuri. Natalie anaolewa. Ni kijana wa kule Bahati, Lewis, watu wa maana kabisa. Ng'ombe wa maziwa, lori mbili. Ngurario ni Jumamosi ijayo, kwangu."

Wariara alikuwa ameshasikia habari za harusi hiyo ya kimila. Natalie, binti yake Muiruri, ndiye aliyempigia simu, kabla hata ya kumwambia mama yake. Msichana yule alipewa jina la shangazi yake, Natalie Wariara, na tangu utoto alikuwa akija kulala kwake wikendi na kumpekulia kabati akitafuta vitambaa. Hata baada ya ploti kufurika, alikuja Kaptembwo kwa siri, akaketi sakafuni karibu na laptop, akajifunza kusikiliza pangaboi. Wariara alimpenda. Hakuna aliyelitilia shaka hilo, hata Muiruri.

"Nimesikia," alisema Wariara.

"Basi unajua hakuna kitu inaenda bila wewe. Wewe ndio jina." Muiruri aliinama mbele, sauti ikawa ya kanisani. "Si unakumbuka vile sisi hufanya kwetu? Mbuzi akikatwa bega, kipande cha kwanza ni cha mwenye jina. Natalie atakuletea, ameshika sahani na mikono mbili. Unakula, watu wanapiga ngemi na vigelegele, imeisha."

Wariara alikumbuka. Katika ukoo wao, msichana hakuondoka nyumbani kama jina lake limekataa. Mwenye jina akifunga mdomo, wazee huweka kisu chini na kuuliza kuna nini katika boma hili, na hakuna anayekula mpaka jibu lipatikane. Hakuwahi kuona mtu akikataa. Bibi yake alisema aliona mara moja, akiwa mdogo, na hakupenda kusimulia.

"Kipande ni kidogo tu," alisema Muiruri.

"Najua ukubwa wake."

"Na kitu kingine. Hao watu wa Bahati wakikuuliza mnakaa wapi, sema Milimani, kule kwa wenye pesa. Na hiyo nyumba ya ziwa..." Akakohoa. "Sema iko kwa renovation."

"Iko kwa maji, Muiruri."

"Hata maji ni renovation, ukiangalia vizuri!" Akacheka tena, peke yake.

Wakati huo Owuor aliingia, mikono imejaa masizi. Akasalimia kwa kiwiko. Muiruri alimtazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Na wewe bwana Owuor, usijali, tumekuwekea kiti. Ile tenti ya nyuma, karibu na wapishi. Huku mbele ni wazee wataongea Kikuyu, utachoka bure."

Owuor alisema, "Sawa, boss," akaenda kunawa. Wariara aliona mgongo wa mumewe ukiinamia beseni. Angeweza kumsamehe kaka yake unga, kitenge na kile kiti alichokipangusa. Lakini ile tenti ya nyuma hakuisamehe.

Akamsindikiza hadi nje. Penye mtaro akamuuliza, kama alivyomuuliza mara nyingi, "Muiruri, wewe ulijua?"

"Wariara, bado uko hapo tu? Mambo ya ziwa ni ya Mungu." Akamgonga bega kidogo. "Uvae hiyo kitenge. Nguo zingine zako... unajua tu."

*

Wiki nzima Wariara alitunga hotuba. Alikaanga mandazi akiitunga, akafua akiitunga. Angeomba maikrofoni, aseme yote mbele ya wakwe: udongo mkavu, ploti iliyouzwa kimyakimya, kiboko, godoro. Alipoijaribu mbele ya Owuor, akamwona anakuna shingo.

"Sema tu," alimwambia.

"Ni nzuri. Lakini kaka yako anajua maneno. Atasema una stress. Ataomba watu wakuombee. Nakwambia, mtafunga macho wote, wewe ndani, na pasta atakuwekea mkono kwa kichwa."

Wariara alijua kwamba ni kweli. Hasira ikamjaa mpaka machozi yakamtoka, akafungua laptop ili asimtupie mtu sufuria.

Alimpata Muiruri mapema, mnene, katikati ya msafara wa meli nyingi. Lakini mikono ilikuwa na haraka. Alirusha makombora mawili kabla hajamaliza hesabu. La kwanza lilipita mbele ya meli. La pili liligonga ubavu, likalia ko! kama jiwe juu ya bati, na halikulipuka. Basi manowari ya ulinzi ikageuka.

Alizama. Akazima injini, akazima pampu, akaamuru kimya. Mabaharia wake wakaanza kunong'ona Kijerumani chao. Juu, manowari ilipita na kurudi, na ile sauti yake ya kutafuta ikagonga ngozi ya nyambizi, ting, ting, na baada yake mabomu. Taa kwenye kioo zikawaka na kuzimika. Bomba likapasuka mahali. Owuor aliingia akibeba mtungi wa gesi begani. Wariara akainua mkono bila kugeuka, na mwanamume mzima akasimama mlangoni na mtungi wake, hathubutu kuutua. Hewa ilikuwa ikipungua. Kila kitu mwilini mwa Wariara kilimwambia awashe injini na kukimbia, na ndicho hasa yule wa juu alichokuwa akikingoja.

Hakuwasha. Alikaa. Chai ikapoa, ikafanya utando. Mabomu yakaanza kuanguka mbali, kisha mbali zaidi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Yule nahodha wa juu alikuwa na silaha zote za dunia na hakuwa na pa kuzielekeza.

"Naweza kuweka chini?" Owuor alinong'ona.

Wariara alivua hedifoni. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Baba Odongo, sitaongea."

"Wapi?"

"Kwa Muiruri. Hiyo siku sitafungua mdomo. Si kwa maneno, si kwa nyama."

Owuor alitua mtungi polepole. Alikuwa ameishi na Wakikuyu maisha yake yote na hakuhitaji kuelezwa. "Na huyo mtoto?"

"Mtoto atangoja kidogo."

"Natalie ndio hushika hiyo sahani."

"Najua nani hushika sahani!"

Owuor alirudi kwenye mtungi. Alifunga gesi, akajaribu kama inavuja kwa povu la sabuni, akatoka nje akaketi kwenye ngazi mpaka chakula kikaiva.

*

Nyumba ya Muiruri ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ziwa huonekana zuri. Kutoka uani mwake uliona maji yote, mashamba ya maua yenye vifuniko vyeupe, na pembeni, yametokeza majini, mapaa ya watu. La kijani lilikuwa la tatu kutoka mti uliokufa. Wariara aliliona aliposhuka tu, akajiuliza kaka yake hunywaje chai asubuhi akilitazama.

Alikuwa amevaa gauni lake la zamani. Kitenge alikiacha ndani ya karatasi yake.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Wanawake walifunga geti wakaimba, watu wa Bahati wakaimba kutoka nje, wakatozwa, wakaingia. Wasichana wakafunikwa leso, Lewis akaambiwa amtafute mchumba wake, akampata mara ya kwanza na watu wakashangilia. Muiruri alikuwa na maikrofoni na hakuiachia. Alimtania kila mtu. Alipomtambulisha dada yake alisema, "Huyu ndiye jina! Amekuja kutoka Milimani!" na Owuor kule tenti ya nyuma, katikati ya masufuria, akaangalia viatu vyake.

Kisha mbuzi akaletwa, ameshachomwa. Mzee Mburu, mjomba wa Lewis na msemaji wa upande wa Bahati, alisimama na wazee wa kwao Muiruri, Natalie na Lewis wakakata bega, na ngemi zikapigwa. Kipande cha kwanza kikawekwa kwenye sahani. Natalie akaja nacho kwa mikono miwili, mrembo kupita kiasi, akapiga magoti nyasini mbele ya Wariara.

"Kula, tata," alisema, akitabasamu. Ndivyo Wakikuyu humwita shangazi, na yeye alikuwa naye mmoja tu.

Wariara aliitazama nyama. Akafunga mdomo.

Mwanzoni watu walidhani anaomba. Kisha Natalie akaisogeza sahani, na Wariara akatikisa kichwa mara moja tu.

"Dadangu ana sukari!" Muiruri alisema kwenye maikrofoni. "Daktari amemkataza nyama!" Watu wakacheka. Wariara akatikisa kichwa. "Ama ni meno? Mleteeni supu!" Kikombe cha supu kikaletwa. Hakukigusa. "Ameguswa sana, unajua ni jina lake. Wamama, wacheni tumwimbie." Wanawake wakaanza wimbo, ukafika katikati na kufa wenyewe.

Mzee Mburu alifuta kisu kwa majani, akakilaza juu ya mbao.

"Jina limekataa," alisema. "Tutangoja."

Watu wa Bahati, wote, wakaweka chini vikombe vyao. Mafuta yakaanza kuganda juu ya supu. Natalie alikuwa bado amepiga magoti, sahani mikononi. "Tata, tafadhali," alinong'ona. "Ni mimi." Wariara alisikia. Moyo ulimvuta akubali, akamtafuta Muiruri kwa macho, akamwona anatoa leso ileile na kupangusa shingo, na moyo ukanyamaza.

Muiruri alikuja, akachuchumaa karibu naye. Maikrofoni ilikuwa mkononi. "Unataka nini?" alinong'ona. "Sema tu. Jumatatu nitakutumia kitu." Akangoja. "Wariara, usiniaibishe mbele ya watu." Akangoja tena. Jasho lilikuwa likimtoka puani. Kama angetukanwa angejua la kufanya. Kama angelaumiwa, alikuwa na majibu ya miaka mitatu. Dada yake hakumpa chochote. Alikuwa amegeuza uso, anatazama ziwani, na mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kutazama anakotazama.

"Ile nyumba ya mabati ya kijani," aliuliza Mzee Mburu, kwa Kikuyu. "Ile iko kwa maji. Ni ya nani?"

"Ni yetu," alijibu mtu kutoka nyuma, kwa Kikuyu safi cha aliyezaliwa Nakuru na kuchezea mitaa yake. Owuor alikuwa amesimama kati ya masufuria. "Ni ya huyo mama na mimi."

"Na mliuziwa na nani?"

Owuor naye akanyamaza. Ndipo kimya kikawa kizito kweli, watu zaidi ya mia na hakuna anayepiga chafya. Wazee wa upande wa Muiruri walikuwa wakimtazama sasa. Mmoja wao, aliyewahi kuambiwa habari za majivuno, alikuwa amevua kofia.

"Mimi ndio niliwauzia," alisema Muiruri.

"Ulijua ziwa linarudi?"

"Mzee, kila mtu anajua maji hupanda na..."

"Nimekuuliza wewe."

Muiruri aliangalia mkwe wake mtarajiwa, na binti yake magotini, na dada yake. Wariara aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nilijua," alisema.

Alisahau kwamba, kwa mazoea, alikuwa ameinua maikrofoni karibu na mdomo. Spika zikaibeba "Nilijua" hadi kwa majirani, hadi barabarani kwa watu wa bodaboda.

Furaha iliyomwingia Wariara haikuwa ya Kikristo. Ilianzia miguuni. Hakuna meli hata moja, katika zote alizozizamisha, iliyowahi kumpa raha kama ile. Alitaka aseme tena. Alitaka aseme polepole, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na Odongo awekwe kwenye simu huko Qatar asikie. Badala yake alifungua mdomo, akachukua kipande kwa vidole na kukila. Kilikuwa kimepoa. Kilikuwa na chumvi ya kutosha na mafuta kidogo pembeni, na akakitafuna chote kwa utaratibu, huku kaka yake akiwa amechuchumaa nyasini na hakuna anayempa mkono ainuke.

Mzee Mburu akaokota kisu. "Limekubali," alisema, ingawa hakuonekana kufurahi. Ngemi zikapigwa, mbili tatu, kwa wajibu. Watu wakarudia vikombe vyao na kuongea chini chini, na kila aliyeongea aliongea habari moja.

Natalie hakuwa ameinuka. Rangi ya macho ilikuwa imemshukia mpaka mashavuni, na nguo aliyoshonewa kwa siku ile ilikuwa na mabaka mabichi ya nyasi magotini. Aliitazama sahani tupu, kisha akamtazama shangazi yake muda mrefu.

"Umeshiba sasa?" aliuliza.

Wariara alitaka kusema ndiyo. Alimpenda msichana yule, na neno lilikuwa fupi. Lakini juu ya bega la Natalie alimwona Muiruri akijiinua kwa kushika mguu wa kiti, akikung'uta suruali, akimwendea mzee mmoja na kile kicheko chake akiwa amekwisha kukianza.

"Bado," alisema.

Natalie alifuta magoti, akachukua sahani, akaenda kuketi na watu wa Bahati.